Kofia moja, vichwa viwili

Usiku mmoja wa Jumamosi nilimpokea mama aliyeletwa akiwa amebanwa kati ya wanaume wawili juu ya pikipiki. Alikuwa anatoka msibani, bodaboda wake akagonga ng'ombe gizani. Dereva alikuwa na michubuko ya kiwiko, na kofia yake ngumu ilikuwa na ufa mrefu ubavuni. Mama hakuwa na kofia. Alipona, namshukuru Mungu, lakini hadi leo binti yake ndiye anayemkumbusha majina ya wajukuu.

Wote wawili walianguka pikipiki moja, saa moja, mahali pamoja. Tofauti yao ilikuwa kofia.

Tabora ni mji wa safari tangu enzi za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa kwa miguu kati ya Bagamoyo na Ujiji, na reli ikafika mwaka 1912. Leo ukitoka Kitete kwenda Isevya, Ipuli au Ng'ambo, unapanda bodaboda. Ni usafiri wa haraka, na ni ajira ya vijana wetu. Sina nia ya kuutukana. Lakini mwili wa binadamu haukubadilika kwa sababu lami imefika. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu ya kishindo haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne.

Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna dawa ninayoweza kukuandikia baada ya ajali ikafanya kazi hiyo. Mfupa wa paja tunaweza kuuunga. Ubongo ulioharibika hatuna cha kuuunganishia.

Kwa nini basi abiria wengi hawavai? Nikiwauliza, majibu ni yale yale: kofia ya abiria haipo, au ipo lakini inanuka jasho, au itaharibu nywele, au "ni hapo tu karibu". Jasho lina dawa: vaa kitambaa au kofia nyepesi ndani yake. Anayepanda kila siku anunue yake. Na kofia isiyofungwa mkanda chini ya kidevu hutangulia kuruka kabla ya mwenye kichwa.

Upande wa dereva kuna jambo jingine. Wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kila jioni bosi anasubiri hesabu, hivyo kijana anakimbiza, anapakia zaidi, na anaendesha akiwa na usingizi. Tukimlaumu yeye peke yake tunakosea. Mmiliki anayedai hesabu anunue na kofia ya pili.

Na sisi wazazi tujitazame. Mshikaki wa watoto wanne wanaopelekwa shule, mmoja kakaa juu ya tangi, haukujipanga wenyewe. Tumeupanga sisi, kwa sababu ni nafuu kugawana nauli. Mtoto akikaa mbele ya dereva, ndiye anayetangulia kugonga. Mtoto ambaye miguu yake haifiki pa kukanyagia hawezi kujishikilia breki ikishikwa ghafla. Mtoto mchanga mgongoni naye hana kinga yoyote mkianguka chali. Kina mama, kusanyeni pindo la kanga au gauni kabla ya pikipiki kuondoka, lisivutwe na magurudumu. Na ekzosi ikikuunguza mguu, tumia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno.

Ajali ikitokea mbele yako, fanya haya:

Kwanza, zuia magari yasiwagonge tena. Mtu asiyejitambua asivutwe mikono wala kukunjwa kwenye pikipiki. Tafuta gari, mlazeni kwenye ubao au mlango, kichwa na shingo vikiwa vimenyooka, watu kadhaa wakimwinua kwa pamoja.

Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Mfupa uliojitokeza usirudishwe ndani, funika tu. Usimpe chakula wala maji, huenda akahitaji upasuaji.

Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu, lakini aliye katika hatari atibiwe kwanza. Mmoja wenu aifuatilie wakati mgonjwa anahudumiwa.

Aliyegonga kichwa na kuonekana mzima aangaliwe kwa karibu siku mbili. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, akitokwa na damu au majimaji masikioni, au maumivu ya kichwa yakizidi, arudi hospitali usiku huo huo.

Aliyevunjika asikimbilie kufungwa mianzi. Mguu uliokazwa kupita kiasi hukosa damu, na nimeona vijana wakipoteza mguu ambao ungepona. Hata mwenye plasta, vidole vikifa ganzi, vikipoa au vikibadilika rangi, asisubiri asubuhi.

Kesho bodaboda akisimama mbele yako, kabla ya kuuliza nauli, uliza: "Kofia yangu iko wapi?" Kama hana, msubiri mwingine. Abiria watano wakimkatalia kwa siku moja, wa sita ataikuta.