MWALIMU MKUU SI KARANI

Wanachama wetu watatustahamilia ikiwa leo tunaiacha bahari nyuma na kuwachukua mpaka Unyamwezi. Wazee wetu waliijua njia hiyo. Walivuka hadi Bagamoyo, wakapanda na misafara miezi kwa miezi mpaka Tabora, ambayo siku hizo ikiitwa Kaze, na wengine wakaendelea hadi Ujiji. Miembe ya Tabora ni ushahidi wa misafara hiyo. (Walikwenda kwa ajili ya pembe, na kwa biashara iliyo mbaya kuliko pembe, nalo hatulifichi.)

Nje kidogo ya mji huo pana Kipalapala. Hapo pana seminari kuu ya Wakatoliki iliyowekwa mwaka 1925, na hapo ndipo ulipokuwa mtambo wa chapa uliochapa gazeti la Kiongozi katika miaka ya 1950. Sisi si watu wa dini hiyo, wala hatukuja kuisifu wala kuitia ila. Tunachokitazama ni ada yao moja. Kijana atakaye kuwa kasisi hukaa masomoni miaka mingi, akafundishwa, akatazamwa, akajaribiwa, ndipo akabidhiwe watu. Hapana apewaye parokia kwa barua ya asubuhi akaanza kazi jioni.

Mwalimu mkuu wa skuli, je? Aghalabu ni mwalimu aliyesomesha vizuri hesabu au jiografia, au aliyekaa kazini muda mrefu, au, tuseme lililo kweli, aliyejulikana na mwenye kalamu. Siku moja hupokea barua. Kesho yake ana watoto mamia, walimu waliokuwa rafiki zake jana, choo kilichojaa na daftari la ruzuku. Hakufundishwa hata moja katika hayo. Basi hujifunga na lile linaloulizwa na wakubwa, nalo ni karatasi. Hujaza fomu, huandika taarifa, huitwa mikutanoni mjini. Darasani haingii.

Hapa ndipo penye msiba. Mwaka 2010 uchunguzi wa Uwezo uliwapima watoto wa Tanzania Bara nyumbani kwao, ukakuta kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiasi cha darasa la pili. Baadaye, Januari 2016, ada zikafutwa, na madarasa yakafurika. Kufuta ada ni jambo jema. Sisi visiwani tulitangaziwa elimu bure tangu Septemba 1964. Lakini mlango uliofunguliwa wataka mtu ndani wa kumpokea aingiaye.

Mwezi uliopita alikuja dukani kwetu mtoto wa darasa la tano, ametumwa na mamake na karatasi ya vitu vinne. Tulikuwa tunapima mchele, tukamwambia atusomee. Akaitazama karatasi, akatutazama sisi, akasema ameisahau miwani. Mtoto huyo havai miwani. Skuli yake hatuitaji, maana si ya peke yake.

Sisi tulisoma chuoni, juu ya mkeka. Mwalimu wetu hakuwa na cheti, wala hatudai kwamba kila alichofanya kilikuwa chema, khasa bakora. Lakini kila mtoto alikaa mbele yake akasoma aya yake kwa sauti, na asiyeijua hakuvuka kwenda ya pili. Mwalimu alijua kila mmoja wetu amefika wapi. Waulizeni walimu wakuu wa leo, watoto wangapi wa darasa la pili katika skuli yao wanasoma bila kugugumia. Wengi watakutajieni idadi ya madawati.

Kiongozi wa masomo hukaa nyuma ya darasa akasikiliza somo. Hufungua madaftari ya watoto akaona yaliyosahihishwa na yasiyosahihishwa. Huwakusanya walimu wake wakazungumza juu ya somo moja lililowashinda watoto, bila ya kumfedhehesha mtu. Na humpeleka mwalimu wake hodari kabisa darasa la kwanza. Siku hizi hodari huwekwa darasa la mtihani, na wadogo huachiwa mgeni au mchovu. Kisha tunashangaa msingi umeoza.

Mambo haya hufundishika. Bagamoyo kiko chuo kilichokuwa kikiitwa MANTEP, ambacho tangu 2001 ni wakala wa serikali uitwao ADEM, kinachosomesha uongozi wa elimu. Na baina ya 2014 na 2020 mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza, uliwafunza walimu wakuu katika mikoa kadhaa, Tabora ukiwamo, na maafisa elimu wa kata wakapewa pikipiki ili wazifikie skuli za mbali. Njia ya misafara, safari hii, imechukua mzigo ulio bora. Lakini fedha ya mgeni ina siku yake ya kuondoka. Mwalimu mkuu aliyefunzwa 2016 huhamishwa au hustaafu, na anayemrithi hupewa barua, kama kwanza.

Watasema hapana fedha. Sisi ni watu wa duka, na hesabu twaijua. Kumweka mwalimu mpya mwaka mmoja chini ya mkuu mzoefu kabla ya kumpa skuli si ghali kama jengo jipya lenye jiwe la ufunguzi. Kumpa karani mmoja ili yeye apate wasaa wa kuingia darasani si ghali kama safari za semina. Tatizo ni kuwa kazi hiyo haina utepe wa kukatwa.

Kwa hivyo twawataka wawakilishi wetu, bajeti ya elimu itakaposomwa, waulize jambo moja tu: katika walimu wakuu waliopewa skuli mwaka uliopita, Unguja na Pemba, wangapi walifunzwa kazi hiyo kabla ya kuishika? Na jibu litolewe kwa hesabu, wilaya kwa wilaya.