Akiba ya dharura nyumbani haipingani na tawakkul

 

Ndugu Waislamu, kila msimu wa mvua unapokaribia husikika baadhi yetu wakisema kuwa mwenye imani hana haja ya kujiwekea akiba ya maafa, kwani lililoandikwa halina budi kuwa. Ni kweli kwamba hakuna linalotoka nje ya kadari ya Allah. Lakini Yeye aliyekadiria ndiye aliyetuamrisha kuchukua hadhari. Kuifanya kadari kuwa kisingizio cha uzembe ni kuidhulumu dini.

Tuitazame Hijra. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ahadi ya Mola wake, na bado alitoka Makka kwa mpango. Alikodi mjuzi wa njia, akajificha siku tatu katika pango la Thaur, na chakula cha safari kikaandaliwa nyumbani kwa Abubakar (R.A.). Bibi Asmaa (R.A.) alipokosa kamba ya kufungia mfuko wa chakula, aliupasua mshipi wake vipande viwili. Kwa kitendo hicho akapata jina la heshima, Dhatun-Nitaqayn, yaani mwenye mishipi miwili. Ni nani atakayesema kuwa nyumba ile ilipungukiwa na tawakkul?

Maafa nayo si hadithi za mbali. Desemba 2011 mafuriko yalizikumba nyumba za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Desemba 3, 2023, matope kutoka Mlima Hanang yaliushukia mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kisiwani Unguja, umeme ulikatika Desemba 2009 na haukurudi hadi Machi 2010. Pampu zikasimama na maji yakawa adimu.

Basi kiwekwe nini? Kwanza maji. Kadiria lita nne kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kupikia. Familia ya watu sita kwa siku tatu inahitaji lita 72, yaani karibu madumu manne ya lita 20 yaliyo safi na yenye vifuniko. Pili, chakula kisichohitaji moto: tende, karanga, biskuti, na maziwa ya unga kwa watoto. Tatu, tochi na redio ndogo pamoja na betri zake, kisanduku cha huduma ya kwanza, sabuni, taulo za kike, na dawa za wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu za wiki moja, zikibadilishwa kabla ya muda wake kwisha. Nne, vyeti na vitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, pamoja na fedha kidogo taslimu. Vitu vyepesi vikae katika begi moja karibu na mlango, na kila aliyemo nyumbani ajue lilipo.

Tunatahadharisha pia: jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua ni kubwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Wapo watakaouliza juu ya udhu pale maji yanapobaki ya kunywa tu. Mafakihi wamekwisha kulieleza hilo: mwenye kuyahitaji maji kwa kiu yake, au ya aliye pamoja naye, anatayamamu. Sheria iliyotanguliza uhai wa mwenye kiu haiwezi kuwa dhidi ya dumu la akiba.

Wengine wanachelea kuwa akiba ni uhodhi uliokatazwa. Hapana. Mtume (S.A.W.) aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Kilichoharamishwa ni kuficha bidhaa ili watu wadhikike na bei ipande. Aliyenunua kwa mahitaji ya wanawe hakumdhulumu mtu, ila akumbuke haki ya jirani. Hakukamilika imani ya anayelala ameshiba naye anajua kuwa jirani yake ana njaa. Basi katika hesabu ya maji na tende, mhesabu pia mjane wa nyumba ya pili.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Dumu moja wiki hii, pakiti ya biskuti wiki ijayo, na baada ya miezi miwili mfuko umejaa. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya aliowachunga. Tuufunge mfuko wetu mapema, kisha tumtegemee Allah.