LOGO YA STAA HAIUZI UBUYU, DADA!

Siku hizi ukitaka kujua nani kaanza biashara mtaani, usiangalie mzigo, angalia logo. Mzigo haujafika, logo ishapostiwa. Tisheti zishachapwa, peji ishafunguliwa, ma-CEO wamejaa kila kona. Bidhaa yenyewe? "Inakuja soon" mpaka mwaka unaisha.

Kuna huyu dada wa Sinza, jina kapuni. Anauza ubuyu, na ubuyu wake ni mtamu, hilo hata maadui zake hawabishi. Alikuwa anaufunga kwenye vikopo vyenye mfuniko mwekundu, anazungusha masaluni na maofisini. Wateja hawakulijua hata jina lake. Walikuwa wanasema tu, "Niletee ule wa mfuniko mwekundu."

Hapo dada alikuwa ana chapa tayari! Kaipata bila kulipa hata mia, ila hakujua.

Kumbe shetani alikuwa njiani. Staa mmoja wa Bongo Fleva akatrendi na a.k.a. mpya, kila mtu mjini anaiimba. Dada akaona huu ndio mchongo. Akakopa laki tano kwenye kikoba, mifuniko myekundu akaitupa, akahamia nyeusi na dhahabu kama rangi za staa, na ubuyu ukapewa a.k.a. ya staa. Kijana wa logo akachukua 30,000 yake, akakopi ya staa na kugeuza herufi moja. Halafu mrembo mmoja wa kwenye video za muziki akalipwa aposti. Akaposti kwenye stori, masaa 24 ikayeyuka, na kesho yake mrembo huyohuyo akaposti ubuyu wa mtu mwingine, eti "hakuna kama huu"!

Haikupita miezi miwili, staa kaingia kwenye skendo, a.k.a. yake ikageuka tusi mjini. Kama hiyo haitoshi, watu wa staa wakamfuata dada inboksi: toa jina letu haraka. Stika zote takataka. Wateja wa mfuniko mwekundu nao walishadhani kaacha biashara, wakahamia kwa mwingine. Na kikoba hakijui skendo, kinataka hela yake Jumamosi.

Sasa tuambiane ukweli. Wapo watakaosema dada ana roho ya kutafuta, aachwe. Sawa, kutafuta ni haki yake. Lakini kuvaa jina la mtu sio kutafuta, ni kupanga nyumba kwa mwenye hasira: akiamka vibaya, unalala nje. Wengine watasema bila staa biashara haijulikani. Uongo huo! Mama wa maandazi anayekaa pale pale, saa ile ile, andazi saizi ile ile, ana staa gani? Watu wanavuka mitaa mitatu kumfuata. Chapa ni kitu kimoja kurudiwa mpaka mteja akikitambua kwa mbali. Logo ni picha tu ya hicho kitu. Kitu chenyewe kama hakipo, picha itaonyesha nini?

Angalia kanga za Mombasa. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza 1887, na kanga zake zinaandikwa pembeni "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hakuna picha ya msanii hapo, hakuna kiki. Bibi zetu walikuwa wanashika pindo, wanasoma, wananunua. Alama ile ile, sehemu ile ile.

Na kuna hili ambalo wajasiriamali wengi wanalala nalo. Kusajili jina la biashara BRELA sio sawa na kusajili alama ya biashara. Jina linakutambulisha kwamba unafanya biashara kwa jina hilo. Alama ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mwingine asiitumie kwenye bidhaa za aina hiyo. Inalindwa miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10. Zanzibar wana ofisi yao, usajili wa Bara hauvuki maji. Dada hakusajili chochote, si jina wala alama. Angesajili a.k.a. ya mtu? Hapo hata pa kuanzia hakuna.

Mastaa nao wasijifiche. Unakula hela ya kikoba ya mtu, unasifia kitu ambacho hujaonja, kesho unasifia mpinzani wake. Hiyo ni promo au wizi wenye tabasamu?

Wewe mwenye biashara ndogo, kabla ya kumtafuta kijana wa logo, waulize wateja wako watano: mnanitambuaje? Jibu lao ndio chapa yako, iwe mfuniko, iwe harufu, iwe unavyojibu simu. Hicho kishike usiachie. Na ile "bei njoo inboksi" iache, maana nayo ni chapa: mteja anakusoma kwamba bei yako inategemea sura yake.

Dada wa Sinza kaanza upya na mfuniko mwekundu, ila safari hii ana deni.

Wadau mnaonaje? Mrembo wa posti arudishe hela, au imekula kwa dada? Shusha maoni yako hapo chini, matusi hapana.