Kosa Haliko Kwenye GPS ya Bei Rahisi

Kijana anayejenga kifaa cha kufuatilia bodaboda, mashua au ng'ombe huambiwa, kabla hajaunganisha hata waya wa kwanza, kwamba moduli ya GPS ya dola chache ni kitu cha kuchezea. Huambiwa itamwonyesha mtaa wa pili, itakaa nusu saa bila kujua iko wapi, na namba zake zitarukaruka hata ikiwa imelala mezani. Anayemwambia hivyo mara nyingi amejaribu na akayaona hayo kwa macho yake, kwa hiyo neno lake hupokelewa bila kuhojiwa. Kisha hufuata ushauri: nunua ya bei kubwa, au achana na mradi. Rahisi ni ghali, tunasema, na kwa viatu na nyaya za umeme msemo huo una ukweli mwingi. Kwa vipokezi vya GPS hauna. Dalili zinazoelezwa ni za kweli, ila mgonjwa anayelaumiwa siye, na matokeo yake ni miradi mizuri inayotupwa na fedha za wanafunzi zinazoishia mahali pasipohitajika.

Tukitazame kwanza kifaa chenyewe. Moduli iliyoenea sana mikononi mwa wanafunzi na mafundi hubeba chipu ya NEO-6M ya u-blox, kampuni ya Uswisi, pamoja na antena ya kauri ya mraba yenye upana wa milimita 25 hivi. Kwa maelezo ya mtengenezaji, inaonyesha mahali kwa usahihi wa mita 2.5, inapima mwendo kwa usahihi wa mita 0.1 kwa sekunde, na kila sekunde inatoa mpigo wa saa ambao kosa lake ni kama nanosekunde 30. Hiyo namba ya mwisho inastahili kutazamwa mara mbili. Katika nanosekunde 30 mwanga wenyewe husafiri mita 9 tu. Wapo wanaorekebisha saa za mitandao ya kompyuta kwa kutumia moduli hizihizi, na saa zao hazina tatizo. Kifaa kinachoijua sekunde kwa kiwango hicho hakiwezi kuitwa cha kuchezea kwa sababu tu mtu alikiweka chini ya paa la bati kikashindwa kuona anga.

Tena usahihi wa GPS haununuliwi dukani. Umelipiwa kwingine: umo katika saa za atomiki zilizo ndani ya setilaiti zinazozunguka kilomita 20,200 juu yetu, na katika vituo vya ardhini vinavyozichunga usiku na mchana. Historia imetupa ushahidi mzito juu ya hili. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na kipokezi cha kiraia kikitumika peke yake, hata kikiwa cha maelfu ya dola, kiliweza kukosea kwa mita 100. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo ukomeshwe, nao ukakoma usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Vipokezi vilevile, vilivyokuwa mifukoni na kwenye vyombo vya bahari, vikawa sahihi takriban mara kumi zaidi bila mtu kufungua skrubu hata moja. Anayeamini kwamba bei ya kipokezi ndiyo inayoamua ukubwa wa kosa anieleze ni bei gani iliyobadilika usiku ule.

Leo setilaiti zenyewe huchangia kosa ambalo kwa wastani halifiki mita moja. Kinachobaki kinatoka njiani na kinatoka jirani na antena. Njiani kuna ionosfera, tabaka la juu ambalo jua huligeuza kuwa chembe zenye chaji, na mawimbi yakipita humo huchelewa. Sisi wa ukanda wa ikweta tumepewa sehemu ngumu ya anga hilo. Tabaka hilo hunenepa zaidi pande zote mbili za ikweta ya sumaku, ambayo katika eneo letu hupita Ethiopia, kwa hiyo Kenya na Tanzania ziko upande wa mkanda wake wa kusini. Baada ya jua kutua hutokea mapovu ndani ya tabaka hilo yanayoyafanya mawimbi yamemeteke na hata kupotea kwa muda, hasa katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Setilaiti hutangaza hesabu ya kusahihisha ucheleweshaji huo, lakini huondoa karibu nusu yake tu. Kipokezi kinachotumia masafa mamoja, kiwe cha dola tano au cha dola mia, hupokea mawimbi yaliyopita anga hilohilo na husahihisha kwa hesabu hiyohiyo. Ndiyo maana ni makosa kulinganisha matokeo ya Mwanza au Mombasa na video za watu wa Ulaya na Marekani. Wao wana mifumo ya nyongeza, EGNOS na WAAS, inayorusha masahihisho yaliyotengenezwa kwa ajili ya anga la kwao.

Jirani na antena ndiko uharibifu mkubwa unakofanyika, na unafanywa na sisi wenyewe. Mawimbi ya GPS yakifika ardhini yamedhoofika mno, yako chini hata ya kelele za kawaida za redio, na kipokezi huyachambua kwa hesabu. Paa la bati huyazuia. Ukuta wa zege na lori lililoegeshwa huyarudisha, yakafika kwa njia ndefu kuliko ya moja kwa moja, na kila mita 3 za mzunguko ni nanosekunde 10 zinazoingia kwenye hesabu kama umbali wa uongo. Ile antena ya kauri imeundwa itazame juu. Mara ngapi tunaikuta imesimamishwa ubavu ndani ya boksi la chuma, imebanwa kati ya betri na moduli ya simu? Na hiyo moduli ya simu, tuseme SIM800L inayopendwa sana kwa kutuma ujumbe, huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi inapozungumza na mnara. Volti ikishuka, GPS huzimika na kuanza upya kutafuta setilaiti, na mwenye mradi huandika kwenye ripoti yake kwamba GPS ni mbovu. Tatizo lake ni la umeme, na lingetatuliwa kwa chanzo cha umeme kinachotosha na kapasita kubwa.

Kuhusu kuchelewa kuamka, maelezo ni mafupi. Setilaiti hutuma taarifa zake kwa biti 50 kwa sekunde, na taarifa za njia yake angani hurudiwa kila sekunde 30. Penye anga wazi NEO-6M huhitaji nusu dakika hivi kuanzia sifuri. Ndani ya nyumba kila biti inayopotea inalazimisha kungojea mzunguko mwingine. Kulipa zaidi hakuiharakishi setilaiti.

Sasa nije kwenye makosa yanayoniumiza zaidi, kwa sababu hayana uhusiano wowote na anga. Moduli iliyowekwa katikati ya jiji la Dar es Salaam itatoa mstari wenye, pamoja na mengine, 0648.90000,S na 03917.00000,E. Maana yake ni digrii 6 na dakika 48.9 kusini, digrii 39 na dakika 17 mashariki. Kwa desimali hiyo ni 6.815 na 39.283, kwa kuwa dakika lazima zigawanywe kwa 60. Mwanafunzi asiyejua hilo husogeza nukta tu, akapata 6.489 na 39.170, na ramani ikamweka kilomita 36 kaskazini na zaidi ya kilomita 12 magharibi, baharini kabisa. Akiisahau ile herufi S, bodaboda yake itaonekana kusini mwa Ethiopia, jirani na milima ya Bale. Mwingine atachukua ramani ya zamani ya Kenya, Uganda au Tanzania iliyochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ailinganishe na GPS inayotumia WGS 84, aone tofauti ya karibu mita 300, kisha alaumu chipu. Tofauti hiyo ipo baina ya mifumo miwili ya kuipima dunia, na kipokezi cha ghali kingeonyesha zilezile mita 300.

Hata namba zinazorukaruka mezani zinahitaji kusomwa kwa akili. Tarakimu ya mwisho katika ule mstari ni sawa na sentimita 2 hivi ardhini. Mtengenezaji hakuahidi sentimita 2. Aliahidi mita 2.5, na kwa maana ya kwamba nusu ya vipimo vitaangukia ndani ya duara la nusu kipenyo hicho, nusu nyingine nje yake. Duara la kukusanya vipimo 95 katika 100 ni kubwa takriban mara mbili. Kwa hiyo nukta inayotangatanga ndani ya mita 5 haijaharibika, inafanya kilichoahidiwa. Programu inayojumlisha kila hatua ya nukta hiyo itasema pikipiki iliyolala uani usiku kucha imetembea kilomita kadhaa. Dawa ipo ndani ya moduli yenyewe: isome kasi, ambayo hupimwa kwa njia tofauti na iliyo sahihi zaidi, na kasi ikiwa karibu na sifuri usijumlishe kitu.

Wapo watakaosema: mbona simu yangu hunionyesha barabarani moja kwa moja? Simu hupata taarifa za setilaiti kupitia mtandao, hivyo haingojei zile biti 50. Hukisia mahali kwa kutazama Wi-Fi na minara iliyo karibu, na programu ya ramani huivuta nukta yako hadi barabarani kwa kudhani hapo ndipo ulipo. Serikali ya Marekani yenyewe inasema simu za kisasa kwa kawaida huwa sahihi ndani ya mita 4.9 penye anga wazi. Hicho ni kiwango cha moduli yetu. Kinachoonekana kuwa usahihi wa simu ni kazi ya programu, na mwenye mradi anaweza kuiandika sehemu yake.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya bidhaa bandia, na siipuuzi. Chipu zenye jina la NEO-6M ambazo si za u-blox zimejaa sokoni, nyingine zinakataa amri za kubadili mipangilio. NEO-6M halisi nayo ni ya zamani na husikiliza GPS peke yake, wakati kwa bei iliyo karibu na hiyo zipo moduli zinazosikiliza pia GLONASS, Galileo na BeiDou, jambo linalosaidia sana kati ya majengo. Kwa hiyo nunua kwa macho, iulize moduli toleo lake kwa programu ya u-center, na ukiweza chukua iliyo mpya zaidi. Lakini ubandia ni kosa la muuzaji. Haufanyi kipimo cha moduli halali kuwa cha uongo, na kulipa bei kubwa hakukuhakikishii kwamba hujauziwa bandia.

Wapimaji wa ardhi nao watasema mita 5 haziwezi kuweka jiwe la mpaka wa kiwanja. Ni kweli kabisa, na asithubutu mtu kugawa shamba la urithi kwa NEO-6M. Kazi hiyo inataka kipokezi cha masafa mawili na masahihisho kutoka kituo kilichopimwa. Lakini kati ya dola tano na mfumo huo kuna vipokezi vingi vya masafa mamoja vyenye kava zuri na bei nene, ambavyo kwa mpaka wa kiwanja havifai vilevile. Anayepanda kutoka moduli ya bei rahisi hadi hivyo amelipia kava.

Kinachonisikitisha ni kwamba imani hii imeingia hadi kwa wanaosimamia miradi ya vyuo. Mwanafunzi anayekatazwa moduli ya bei rahisi mara nyingi hana uwezo wa kununua nyingine, na anabaki na mradi wa kuwasha taa. Angeruhusiwa, angejifunza kuhusu kosa la kipimo, umeme, antena na mifumo ya ramani, yaani uhandisi wenyewe. Kwa wasimamizi hao nina ombi moja. Mtu akija na malalamiko kwamba GPS yake ni mbovu, mtakeni alete kumbukumbu za saa moja zilizochukuliwa uwanjani, antena ikitazama juu, zikionyesha idadi ya setilaiti, nguvu ya mawimbi ya kila moja na volti iliyokuwa ikiingia kwenye moduli. Moduli huzitoa taarifa za setilaiti bure, ndani ya mistari ileile aliyokwisha kuipokea. Asipokuwa nazo, hajapima kitu, na hukumu yake dhidi ya kifaa isikubaliwe.