Bastola ya Mume na Usalama wa Nyumba



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani aliyeolewa Kibwezi, ametuletea suala ambalo ukurasa huu haukuwahi kuulizwa. Mumewe hununua mbuzi na pojo katika masoko ya Kitui na Makueni na kuzileta Mombasa, na kwa ajili hiyo hulala nje siku mbili tatu kila wiki. Nyumba yao iko kando, mbali na barabara kuu. Hivi karibuni jirani yao aliingiliwa usiku. Sasa mume ameazimia kuomba leseni ya silaha, na amesikia habari za bastola fupi ya rivolva inayokubali risasi za aina mbalimbali. Dada auliza: je, hiyo yafaa kwa nyumba, na ni ipi ya kuchagua?

Tutaanza na bastola yenyewe kwa kuwa ndiyo aliyoiuliza, ingawa kwa rai yetu siyo shina la jambo.

Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa ndani ya silinda inayozunguka. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza yake nchini mwake mwaka 1836, na umbo lake halikubadilika sana tangu hapo. Wenye kuisifu husema kweli katika mambo mawili. La kwanza, haina mambo mengi: risasi moja ikigoma kulipuka, ukivuta tena kifyatulio silinda huzunguka na kuleta nyingine. La pili, ni rahisi kujua kama ina risasi au haina, maana silinda ikifunguliwa kila kitu huonekana kwa macho. Walakini zilizo fupi aghalabu hubeba risasi tano tu, na nyingi hazina kitasa cha usalama. Kizuizi pekee ni uzito wa kifyatulio. Mtoto wa miaka mitatu huenda akashindwa kukivuta. Wa miaka minane hashindwi.

Ama habari ya risasi za aina nyingi, ina sura mbili. Sura ya kawaida ni ile ya rivolva ya kaliba ya .357 Magnum, ambayo hukubali pia risasi ya .38 Special, kwa sababu upana wake ni mmoja na tofauti ni urefu wa ganda na nguvu ya baruti. Kinyume chake hakijuzu: iliyotengenezwa kwa .38 haipasi kutiwa .357. Sura ya pili ni ile ya bastola zilizobuniwa makusudi. Huko Texas, katika miaka ya 1990, ilitengenezwa rivolva iliyoitwa Medusa, iliyokubali risasi nyingi za upana unaokaribiana; zilitoka chache na utengenezaji wake ukakoma. Kampuni ya Taurus ya Brazil inayo iitwayo Judge, ambayo hupiga risasi ya bastola ya .45 Colt na pia risasi ya shotgani ndogo ya .410. Hiyo ndiyo wauzaji wanayopenda kuisifia kwa ulinzi wa nyumba.

Sisi twaona sifa hizo zina maana Marekani, ambako mtu huingia dukani akanunua risasi zilizopo. Kenya siyo hivyo. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti anachopewa mtu hutaja silaha yenyewe na namba yake, na hutaja kiasi cha risasi anachoruhusiwa kununua na kukaa nacho kwa wakati mmoja. Cheti hicho si cha maisha, huhuishwa kila mwaka. Basi bastola inayokula chakula cha kila namna haimfai mtu ambaye chakula chake kimepimwa na kuandikwa. Kinachomfaa ni silaha moja ya kaliba ya kawaida, ambayo risasi zake hupatikana kwa wauzaji wenye kibali, na ambayo ataweza kuifanyia mazoezi.

Na mazoezi ndiyo yanayosahauliwa. Bastola fupi ni ngumu kulenga kuliko ndefu. Mtutu mfupi wenye risasi kali hutoa mwale wa moto na mshindo ambao ndani ya chumba chenye paa la bati huziba masikio na kuyapofusha macho kwa muda, na mkono hurushwa juu. Mwenye kuitumia kwa mara ya kwanza katika usiku wa hofu, asiyeona wala kusikia, anayatupa yale masalio manne asikojua. Risasi nayo haisimami kwenye mbao, wala kwenye bati, wala kwenye udongo mwembamba. Nyuma ya ukuta huo wamelala watoto. Ikiwa hapana budi, twapendelea .38 kuliko .357, na mtutu usio mfupi kupita kiasi. Hayo ndiyo majibu ya swali lenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo dada hakuliuliza, nalo ndilo linalomhusu yeye zaidi ya mumewe.

Cheti cha silaha ni cha mtu, si cha nyumba. Sheria yakataza mtu yeyote kuwa na silaha mikononi mwake pasi na cheti chake mwenyewe. Mume akipewa leseni, mke hakupewa. Mume huyu husafiri, na hofu ya dada ni ya zile siku ambazo mume hayupo. Akisafiri na bastola, nyumba imebaki kama ilivyokuwa. Akiiacha na kumkabidhi mkewe ufunguo wa sefu, amemtia katika hatari ya kushitakiwa kwa kumiliki silaha bila ya cheti, kosa ambalo adhabu yake ni miaka jela. Akiiacha na kuondoka na ufunguo, amewaachia wezi kitu cha thamani zaidi ya mbuzi, na yeye mwenyewe atatakiwa kujibu endapo itapotea, kwa kuwa sheria humlazimu aihifadhi kwa uangalifu na kutoa habari polisi ikipotea au ikiibwa. Katika njia zote tatu, mke aliyekusudiwa kulindwa hakupata kitu.

Iko njia ya nne: dada aombe cheti kwa jina lake. Hapana katika sheria linalomzuia mwanamke. Maombi hupitia kwa polisi wa mahali anapoishi, mwombaji huchunguzwa mwenendo na sababu zake, kisha uamuzi ni wa Bodi ya Leseni za Silaha. Asitazamie wepesi. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliamuru wote wenye silaha za kiraia wahakikiwe upya, na waliokuwa na vyeti kwa miaka mingi wakapanga foleni pamoja na wengine. Mwenye kuahidi kumpatia cheti kwa siku mbili, kwa ujira wa pembeni, anamuuzia kesi.

Tena yapo masuala ya lini yajuzu kuitumia. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, huirejesha hukumu ya kujitetea kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza, ambayo kiini chake ni kwamba nguvu itumiwe kwa haja na kwa kiasi. Wasomaji wetu waliosoma fiqhi ya Kishafii hawataliona hilo kuwa geni: katika mlango wa kumzuia mshambulizi, mafaqihi waliweka daraja, kwamba anayetosha kufukuzwa kwa ukelele hapigwi, na anayetosha kwa fimbo hauawi. Mwizi anayekimbia na mbuzi begani amekwisha kugeuka mgongo. Kumpiga risasi hapo ni kuua mtu kwa ajili ya mbuzi, mbele ya mahakama na mbele ya Mola.

Na watoto. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kumwelekezea ndugu chuma japo kwa mzaha, na alikataza upanga kupokezanwa hali uko uchi. Katika nyumba ya leo maana yake ni kasha la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, bastola humo bila ya risasi, risasi mahali pengine penye kufuli, na ufunguo usijulikane na mtoto wala mtumishi. Chini ya mto si mahali, wala juu ya kabati, maana hapana kabati ambalo mtoto hajapanda. Sasa hesabu, dada yetu: kutoka kitandani, kutafuta funguo mbili gizani, kufungua makasha mawili, kutia risasi tano kwa mikono inayotetemeka. Mlango dhaifu hausubiri hayo yote. Aliyeuimarisha mlango apata muda. Na aliyepata muda aghalabu haihitaji bastola.

Kwa hiyo fedha zianzie hapo. Bei ya bastola, sefu, risasi na mazoezi yatosha kuweka mlango wa chuma wenye makomeo mawili ya ndani, vyuma vya madirisha, na taa za sola pembe nne za nyumba. Kiwekwe chumba kimoja chenye mlango imara ambamo mama na watoto wataingia na kujifungia, na simu humo iwe na chaji. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112, na namba ya mzee wa mtaa iandikwe ukutani humo humo. Wengine huona haya kufuga mbwa; wakumbuke kuwa mbwa wa kulinda mifugo na shamba wamevuliwa katika makatazo, madhali hukaa nje na vyombo vyake ni mbali.

Tena aangalie ni kipi wezi wanachokifuata. Mchuuzi wa mbuzi ajulikana siku anayouza, na hurudi na kitita. Akilipwa kwa simu au kwa benki, na watu wakajua hivyo, nyumba yake imepoteza sababu ya kuingiliwa. Twalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa ni tiba isiyogharimu kitu, na ndiyo inayopuuzwa.

Wakamba wenyeji wa nchi hiyo tangu hapo walijilinda kwa uta na mishale ya sumu waiitayo ivai, na hata leo walinzi wa usiku wenye uta si kioja. Lakini nguvu yao hasa ilikuwa ukunga: sauti moja ikapigwa, na boma zima likatoka. Mgeni aliyeolewa huko asiyejua jirani zake hana ukunga wa kupiga. Dada yetu na aanze kuhudhuria mazishi na harusi za majirani, Waislamu na wasio Waislamu, na aingie katika mpango wa Nyumba Kumi wa mahali pake.

Na silaha peke yake haikuwahi kuwa ngome katika nchi hiyo. Krapf, mmishenari aliyekaa Rabai kwetu hapa, alikwenda Ukambani mwaka 1849 na tena mwaka 1851. Safari ya pili alifuatana na Kivoi, tajiri wa Kitui, kuelekea mto Tana. Wakavamiwa njiani na Kivoi akauawa. Krapf, aliyekuwa na bunduki, aliipiga hewani mara mbili, akakimbia. Katika siku za kujificha, faida aliyoipata kwa bunduki ile ni kuijaza maji ya mto mitutu yake na kuiziba kwa nyasi, apate cha kunywa.

Wako wasomaji wetu wa mashariki ya Kitui, pande za Mutha, Ukasi na Tseikuru, ambao hofu yao si mwizi wa mlangoni bali ugomvi wa malisho na maji baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia. Kwao tunasema bastola fupi haina kazi kabisa: ni silaha ya hatua chache, na mbele ya bunduki kubwa humfanya mwenyewe kuwa mlengwa. Hilo ni la serikali, wazee na maimamu wa pande zote mbili. Wala si kila mwenye ngamia ni adui.

Limebaki moja. Mume akipata cheti, kisha ajali yake ikafika, bastola haingii mkononi mwa warithi kama vinavyoingia vyombo na mifugo, kwa kuwa cheti kimekufa na mwenyewe. Mjane asiiguse wala asimpe shemeji aiweke. Apeleke habari kituo cha polisi mapema, polisi waje waichukue, naye adai stakabadhi yenye namba ya silaha na hesabu ya risasi. Stakabadhi hiyo aiweke pamoja na karatasi za mirathi.