KAZI ZA NYUMBANI: Kubadili Mpira wa Mpini wa Panga

Kutoka Bugarama kushuka mpaka Rumonge, mji ulio kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura kandokando ya Ziwa Tanganyika, mchikichi ni mti wa chakula na wa fedha. Mikungu yake hukatwa kwa panga au shoka, matawi yake hupunguzwa kwa panga, na jioni panga lilo hilo hupasua kuni za kuchemshia chikichi. Hapana budi basi mikono ya mwenye kazi iwe na mafuta mchana kutwa, na mpini nao uwe na mafuta.

Ndiyo sababu wengi huuzungushia mpini utepe wa mpira uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira hushikana na kiganja mahali ambapo ubao uliolainishwa na jasho huteleza, tena hupunguza mtikisiko unaopanda mkononi kila bapa linapogonga tawi gumu. Hata wacheza kriketi hutumia ujuzi huo. Uwanja wa kriketi wa Gahanga, mjini Kigali nchini Rwanda, ulifunguliwa mwaka 2017, na kila gongo linaloshikwa pale lina mpini wa henzirani uliozungushiwa uzi, kisha ukavishwa mpira juu yake. Mpira huo ukichakaa huvuliwa, uzi wa chini ukakaguliwa, ndipo mpya ukavishwa. Huku nyumbani, aghalabu, hatua hiyo ya kati ndiyo inayorukwa: mpira mpya hufungwa juu ya ule wa zamani, na ubao usionwe kwa miaka.

Hapo ndipo penye hatari. Mpira huficha ufa. Mpini uliopasuka, au ribiti iliyolegea, huonekana imara ukiwa umebanwa kwa tabaka tatu za mpira, hata siku moja bapa lichomoke. Mchikichi wa miaka mingi hupita mita 10 kwa urefu. Aliye juu ameshika mti kwa mkono mmoja; walio chini, mara nyingi, ni mama na watoto wanaookota chikichi zilizopukutika. Panga likichomoka pale, haliulizi nani amepita.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kisu: mpira wote wa zamani ukatwe na kuondolewa, pasibaki hata kipande. Mpini uoshwe kwa sabuni na majivu mpaka mafuta yatoke, kisha uachwe kivulini siku nzima ukauke. Ubao wenye unyevu ukifungiwa ndani ya mpira huoza kimyakimya. Ukishakauka, upindwe kwa nguvu huku na huku na kusikilizwa. Ribiti iliyolegea yaweza kugongwa kwa nyundo juu ya chuma hadi ikaze. Ufa hauna dawa. Wako wanaopigilia msumari. Msumari katika ubao mkavu huongeza ufa wa pili.

Mpini uliopasuka hubadilishwa. Mti wa mpera hufaa sana, kwa kuwa ni mgumu na haupasuki upesi. Ukaushwe kivulini majuma kadhaa kabla ya kuchongwa. Kwa panga la mhunzi lenye msuka, tundu litobolewe jembamba kuliko msuka wenyewe, kisha msuka upashwe moto na kusukumwa ndani, ujichomee nafasi yake. Wakati huo bapa lifungwe kitambaa kilicholowa maji, maana moto ukifika kwenye makali, chuma hupoteza ugumu wake, na kunoa hakutasaidia tena.

Sasa mpira. Mpira wa ndani wa baiskeli ya kawaida, ukikatwa penye valvu na kunyoshwa, hukaribia mita 2 kwa urefu. Mpini mmoja hutosheka na utepe wa mita moja na nusu wenye upana wa sentimita 2. Uoshwe kwanza, kwani ndani yake mna unga unaoteleza. Mwanzo uwe kwenye kitako cha mpini. Pale izungushwe mizunguko mitatu mahali pamoja ili pawe na kinundu cha kuuzuia mkono usichopoke. Baada ya hapo utepe uvutwe kwa nguvu na kupandishwa kuelekea bapa, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia.

Gundi isitumike. Mpira uliogandishwa hauvuliki kwa urahisi, na mpini usiovuliwa haukaguliwi. Ukanda wa ziwa una kitu bora zaidi, nao ni uzi wa nyavu. Kabla ya mizunguko minne ya mwisho, kitanzi cha uzi huo hulazwa juu ya mpini. Utepe huzungushwa juu yake, ncha yake hupitishwa kitanzini, kisha uzi huvutwa na kuiingiza ncha chini ya mizunguko. Wavuvi wa mukeke na ndagala hawahitaji kufundishwa fundo hilo.

Unene upimwe kwa mkono wa atakayelitumia panga, wala si kwa mkono wa aliyelifunga. Askari aliye likizoni mara nyingi hufunga mpini kwa kipimo cha kiganja chake, kisha hurudi kambini akamwachia mkewe panga lisiloshikika. Vidole vikizunguka, ncha zake zikaribie kugusa kiganja. Zikibaki mbali, mkono huchoka kabla ya saa nne za asubuhi.

Mwisho, mshiko upakwe mawese kidogo kwa makusudi, mtumiaji aushike, na mtu mwingine ajaribu kuzungusha bapa likiwa ndani ya ala yake au limefungwa gunia. Mpira ukizunguka juu ya ubao, ufunguliwe na kuvutwa upya. Ukitulia, mafuta yaoshwe, maana mafuta yakikaa huulainisha mpira na kuuharibu, na panga litundikwe mahali pasipofikiwa na watoto. Msimu wa mavuno ukikaribia tena, utepe ukatwe, ubao uonwe.