Tusiisingizie Kadari Breki Zetu Mbovu



Ndugu zetu katika imani, wazazi wa Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura, leo tunaomba tuzungumze jambo ambalo halimo katika vitabu vya madrasa lakini linawabeba watoto wa madrasa kila siku. Ni breki za hizi Noah zetu. Familia kubwa ikijaaliwa kununua gari, mara nyingi inakuwa ni Noah iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika miaka mingi. Hiyo hiyo ndiyo ya kupeleka watoto kusoma, ndiyo ya harusi, ndiyo ya kupandisha Gitega wakati wa Idi, na ndiyo ya kubeba wafiwa. Na kila baada ya miezi miwili mitatu utasikia: breki zimerudia tena!

Kinachotuudhi si breki kurudia. Chuma ni chuma, kinachakaa. Kinachotuudhi ni maneno yanayofuata. Gari likikosa breki likaingia mtaroni, au likamgonga mpita njia, watu wanakusanyika, wanatikisa vichwa na kusema: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Dua inasomwa, gari linavutwa hadi garaji, linatiwa plaketi mpya (pedi, kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania), na wiki inayofuata linapakia watoto kumi na mmoja kama kawaida. Hakuna aliyeuliza kwa nini plaketi za mwezi juzi zimekwisha. Tunasema wazi, na atakayekasirika akasirike: huko si kutawakali. Huko ni kumbebesha Mwenyezi Mungu (S.W.) uzembe wetu.

Hadithi ya ngamia na kamba kila mtoto wetu wa darasa la kwanza anaijua, hatutairudia. Lakini wangapi tunaikumbuka habari ya Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kuelekea Sham, akaambiwa kuna tauni huko, akaamua kuwarudisha watu? Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamfahamisha kuwa anatoka katika kadari ya Allah na kuingia katika kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji na bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine mkavu. Popote atakapolisha ni kwa kadari, lakini mwenye akili anajua pa kulisha. Basi gari lenye breki nzima ni kadari, na lenye breki mbovu ni kadari. Ni nani aliyekulazimisha uchague upande mkavu?

Sasa tuingie kwenye chuma chenyewe, maana tukibaki na mawaidha peke yake mafundi watatucheka.

Plaketi ni kitu cha kulika, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini zikilika upesi kuliko desturi, au za upande mmoja zikaisha huku za upande wa pili bado nene, basi tatizo si plaketi. Kuna kinachozila. Mzazi mmoja wa wanafunzi wetu alibadilisha plaketi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mara ilikuwa ni tairi lile lile la mbele kushoto. Mara tatu fundi alipokea pesa, mara tatu akasema "tayari." Alipokwenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja asiye na maneno mengi, ikaonekana kuwa pini ambazo kalipa inateleza juu yake zimeshika kutu, kwa hiyo kalipa haiachii, na plaketi inaburuzwa kwenye disiki mchana kutwa. Pini zikasafishwa, zikapakwa grisi yake maalumu ya breki inayostahimili moto, si ile grisi ya kawaida inayovimbisha mipira. Gharama yake haikufika hata bei ya seti moja ya plaketi!

Jambo hili hata mama wa nyumbani anaweza kulipima. Mkitoka safarini, shukeni, sogezeni kiganja karibu na rimu ya kila tairi bila kuigusa. Likiwapo moja lenye joto kupita wenzake, hilo breki yake haiachii. Inaweza kuwa pini, inaweza kuwa pistoni ya kalipa, na inaweza kuwa ule mpira unaopeleka mafuta kwenye tairi, ambao ukizeeka unavimba kwa ndani: mguu unasukuma mafuta yanapita, lakini ukiachia hayarudi. Kwa nje mpira huo unaonekana mzima kabisa. Fundi mwenye elimu analinyanyua tairi, anakanyagisha breki, anaachia, kisha anafungua kidogo ile nati ya kutolea upepo. Tairi likilegea papo hapo, anajua mafuta yalizuiliwa, naye anafuatilia paipu mpaka apate penye kizuizi. Ni kazi ya dakika chache. Mbona haifanywi?

Lakini linalotutisha zaidi ni mafuta ya breki, kwa sababu sisi wa Bujumbura tunaishi chini ya mlima. Mji wetu uko ukingoni mwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Bugarama iko juu ya mita 2,000, na kati yake hazifiki kilomita 40. Mteremko wote huo dereva anaushuka akiwa na watu wanane na magunia ya viazi nyuma, mguu juu ya breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kufikia 3.7 kwa mia, kipimo kinachoruhusiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukiubana unabonyea. Dereva anakanyaga, mguu unakwenda mpaka chini, gari halina habari naye!

Na hapa ndipo penye hila. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji na breki zinarudi. Fundi analijaribu kwenye barabara tambarare za Buyenzi, anasema halina ubaya. Mwenye gari anasema alhamdulillah. Idi ya pili wanapanda tena Bugarama na mafuta yale yale meusi. Mafuta hayo yanatakiwa kumwagwa yote na kuwekwa mapya kila miaka miwili, au mapema zaidi kwa anayepanda mlima mara kwa mara. Sisi tunajua Noah ambazo tangu ziteremke melini hazijabadilishiwa hata mara moja, zinaongezewa tu. Na wapo wanaoongezea maji! Wapo wanaoongezea oili ya injini, ambayo inavimbisha mipira yote ya masta silinda. Subhanallah.

Kisha wapo madereva wanaoshuka na gia huru, wengine wakizima na injini kabisa, kuokoa mafuta. Uhaba wa mafuta wa miaka ya 2022 hadi 2024 uliwazoesha wengi tabia hii. Injini ikizimwa, msaada wa servo unakwisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, halafu breki inakuwa nzito kama jiwe. Gari la otomatiki linashushwa kwa gia 2 au L, au B kwa baadhi ya zile mpya, ili injini yenyewe ilizuie. Dereva anayeshuka Bugarama na gia huru akiwa amebeba watoto wa watu, hatuoni tofauti yake na anayecheza na kisu mbele ya kitanda cha mtoto mchanga.

Kwa mafundi wetu, ambao wengi ni ndugu na majirani na tunasali nao safu moja, tuna neno. Tunajua wapo hodari na waaminifu. Lakini wapo ambao silinda ya tairi la nyuma ikivuja wanaliminya paipu la upande ule kwa koleo, mafuta yasifike, wanamrudishia mtu gari linalosimamishwa na matairi matatu, wala hawamwambii. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na An-Nasai, ameeleza kuwa anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu ni mdhamini wa madhara atakayosababisha. Maulamaa wakapimia hapo na mafundi wengine. Na muuza duka anayetia plaketi bandia ndani ya boksi zuri, na asome ile hadithi ya Sahih Muslim ya muuza nafaka sokoni, aliyeiacha iliyolowa chini na kavu juu.

Na mwenye gari asidhani ameokoka. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa lilipokutana Brunei mwezi Juni 1993 lilipitisha azimio juu ya ajali za barabarani, kwamba dereva anawajibika kwa madhara aliyowafanyia wengine, isipokuwa yakitokana na nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa la aliyeumia, au la mtu mwingine. Breki iliyokupa onyo mara tatu, je, hiyo ni nguvu usiyoweza kuizuia? Anayeua kwa kosa ana diya na kafara, rejea Suratun Nisaa aya ya 92. Funga ya miezi miwili mfululizo si maneno ya mzaha.

Mtatuambia pesa hakuna. Tunakubali, hali ni ngumu na vipuri vimepanda. Lakini macho yetu yanaona Noah zenye redio mpya, vioo vyeusi na taa za rangi chini ya tumbo, huku kidumu cha mafuta ya breki kikiitwa ghali. Asiye na uwezo wa kutengeneza, basi asipande mlima na asibebe watoto wa wenzake. Aende taratibu mjini na watu wachache, mpaka Mwenyezi Mungu amfungulie.

Sisi walimu tumekwisha kubaliana. Kuanzia muhula ujao, kila anayeleta watoto wa familia zaidi ya moja kwa gari ataombwa kutuambia mafuta ya breki yalibadilishwa lini na nani, na fundi huyo tutamuuliza. Asiyetaka kuulizwa, watoto watakuja kwa miguu, na mwalimu mmoja atakwenda kuwapokea barabarani.

Wabillahi tawfiiq.